Kwa Nini Mkulima Hukata Tunda Zuri

Ujumbe wa Jumapili
Maandiko: Yohana 15:1-8, Kutoka 18:13-24, Marko 1:35-39



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alinisubiri mlangoni. Aliniuliza swali moja tu: "Pastor, hiyo kwaya yetu ilikuwa na dhambi gani?"

Mnajua alichokuwa anauliza. Mwezi jana wazee wa kanisa pamoja nami tulitangaza kwamba tunasimamisha mambo manne: kwaya ya pili, ibada ya Jumatano mchana, mkutano wa hadhara wa Agosti, na sherehe ya kuadhimisha mwaka wa kanisa. Tangu siku hiyo nimesikia maneno. Wengine wanasema kanisa limeishiwa pesa. Wengine wanasema Pastor amepoa. Na wengine, ambao ndio wananiuma zaidi, wamenyamaza tu, wanakaa viti vya nyuma.

Basi leo nataka kumjibu yule mama mbele yenu wote. Mwaitu, kwaya yenu haikuwa na dhambi yoyote. Ilikuwa tunda zuri. Na leo nitahubiri juu ya mkulima anayekata tunda zuri.

Mizabibu miwili

Wale mliofika nyumbani kwangu mmeiona mizabibu miwili iliyotambaa juu ya fremu ya mbao karibu na tangi la maji. Najua wengi wenu ni watu wa maembe, ndengu na mahindi. Zabibu kwetu si jambo la kila boma, ingawa huko Yatta, katika kaunti yetu hii hii, mizabibu imelimwa. Na kabla mtu hajaniuliza habari ya divai, hapana, sisi tunakula zabibu zenyewe. Haleluya.

Mizabibu hiyo ilipofika mwaka wa tatu ilizaa kwa fujo. Mmoja niliuhesabu nikafika vichala sitini na kitu, nikaacha. Nikawaita watoto waje waone. Nikapiga picha. Nikasema, kweli Mungu wangu amenikumbuka.

Wiki hiyo akaja kututembelea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mizabibu huko Yatta. Alizunguka ile miti pole pole mikono ikiwa nyuma. Halafu akasema, "Pastor, acha kama ishirini hivi. Hivyo vingine kata."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, nikate zabibu zenye afya? Si afadhali nikate matawi makavu?"

Akaniambia, "Kukata matawi ni kazi moja, na hiyo ulishaifanya. Hii ni kazi nyingine. Mzabibu haujui kusema imetosha. Ukiuacha utabeba mpaka ujiharibu."

Kisha akanieleza, na wacha niwaeleze vile alivyonieleza, kwa maana Neno la leo limo humo ndani.

Utamu wa zabibu haupatikani kutoka kwa udongo peke yake. Hutengenezwa na majani yakipigwa na jua. Kichala kimoja kinahitaji majani kama kumi hadi kumi na matano yanayokifanyia kazi. Sasa tawi fupi lenye majani manane likibebeshwa vichala viwili, huo utamu utatoka wapi? Vitagawana umaskini. Vyote vitakua, ndiyo, lakini havitaiva sawasawa. Utapata punje nyingi zenye maji na uchachu.

Na si mavuno ya msimu huu tu yanayoharibika. Macho ya msimu ujao hutengenezwa ndani ya tawi wakati huu huu ambapo limebeba tunda. Pia mti huweka akiba yake katika shina na mizizi. Ukiubebesha kupita kiasi, unakula akiba hiyo. Mavuno ya kesho unakuwa umeyala leo, tena yangali machungu.

Mzee akanionyesha wakati wa kupunguza. Ni baada ya maua kudondoka, wakati punje zimefika ukubwa wa mbaazi. Ukichelewa mpaka ziko karibu kuiva, mti umeshatumia nguvu zake, unakata lakini huokoi kitu. Akanionyesha namna: tawi dhaifu usiliachie kitu, tawi la kadiri liachie kichala kimoja, tawi lenye nguvu labda viwili. Vichala vinavyobanana toa kimoja, upepo upite, la sivyo ukungu utaingia. Na pale tawi lina vichala viwili na unataka kubakisha kimoja, mara nyingi unaacha kile kilicho karibu na shina.

Shika hilo neno, nitalirudia. Kilicho karibu na shina.

Mimi sikukubali. Lakini mke wangu alikuwa amesimama pale na sufuria mkononi, akisikiliza. Akasema, "Sawa, Baba. Mmoja ni wako, mmoja ni wangu." Akachukua mkasi. Jioni ile chini ya mzabibu wake palijaa vichala vya kijani. Niliona vile alivyomaliza akaketi kwenye jiwe, asiongee. Haikuwa kazi ya furaha. Watoto walimwuliza mama amefanya nini. Na mimi nilikuwa nimesimama chini ya mti wangu uliojaa, nikijiona mwenye imani kubwa kuliko yeye.

Mnajua mwisho wake. Mzabibu wake uliiva, mweusi na mtamu, tukala na tukawapelekea majirani. Wangu ulikuwa nusu mwekundu nusu kijani. Vichala vya katikati vilioza kwa kubanana. Nilipouonja mmoja, jino lilikataa. Na msimu uliofuata, baada ya kupogoa, wangu ulitoa matawi membamba na vichala tisa tu.

Wenye maembe hapa mnalijua jambo hili. Mwembe ukizaa mwaka huu hata mnategemeza matawi kwa miti, mwaka ujao unasusa. Na mwenye mahindi, ulipanda mbegu tatu katika shimo, zote zikaota. Je, unaziacha zote tatu? Hapana, unang'oa. Na unayong'oa haikuwa mgonjwa, sindiyo?

Kiti kando ya kitanda

Sasa nitawaambia jambo ambalo nimeomba ruhusa ya familia kabla ya kulisema.

Msimu ule ule wa zabibu zangu chachu, mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba mizigo kama ule mti. Siku moja niliandika katika shajara yangu kila kazi niliyokuwa nayo. Zilifika kumi na moja. Nilikuwa mchungaji, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtunza hazina wa ushirika wa wachungaji, mhubiri wa kipindi cha redio kila Alhamisi, mwalimu wa shule ya Biblia, na kadhalika. Niambieni ni ipi kati ya hizo ni dhambi. Hakuna. Zote ni njema. Watu walinisifu, wakasema Pastor anazaa matunda.

Wakati huo mama mmoja mzee, aliyekuwa nasi tangu tukiabudu chini ya hema, aliugua. Alinitumia ujumbe kwamba angependa nifike tuombe, kuna jambo anataka kuniambia. Nusu saa tu. Nikajibu, "Nitakuja wiki hii, mwaitu." Wiki hiyo kulikuwa na kikao cha ujenzi. Wiki iliyofuata kulikuwa na kurekodi kipindi. Ya tatu, semina. Mara tatu niliahidi. Juma la nne nilipigiwa simu alfajiri kwamba ameenda kuwa na Bwana.

Nilihubiri mazishi yake. Nilihubiri vizuri, watu wakalia. Baada ya maziko, kijana wake alinishukuru, hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia tu, "Pastor, alikuwa anakuwekea kiti. Kila asubuhi anatuambia tulete kiti kando ya kitanda, Pastor anakuja."

Ndugu zangu, sijui alitaka kuniambia nini mpaka leo. Nitajua siku ya kuonana mbinguni.

Usiku ule niliketi chini ya ule mzabibu na nikaelewa. Huduma kumi na moja, na hakuna hata moja iliyoiva. Zilikuwa zinagawana umaskini. Na kile kichala kilichokuwa karibu kabisa na shina, yaani kuketi na kondoo mgonjwa, ndicho nilichokikosesha majani.

Neno linasema nini

Katika Yohana 15, Bwana Yesu anasema yeye ni mzabibu wa kweli na Baba yake ndiye mkulima. Tawi lisilozaa linaondolewa. Hapo tunaitika Amina haraka, kwa sababu tunafikiria mtu mwingine. Lakini endelea kusoma mstari wa pili. Lile tawi linalozaa nalo linaguswa. Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno lililotumika ni kusafisha. Na shabaha imetajwa pale pale: ili lizidi kuzaa. Yaani, ukiona mkasi wa Mungu umekukaribia, usikimbilie kusema ni laana au kuna mtu amekuendea kwa mchawi. Huenda umeguswa kwa sababu unazaa.

Ona Musa katika Kutoka 18. Anaketi kuamua kesi za watu kutoka asubuhi hata jioni. Je, ilikuwa kazi mbaya? Ilikuwa kazi ya Mungu! Lakini mkwewe Yethro, mgeni aliyekuja kutembelea tu kama yule mzee wangu, anamwambia kwamba hilo si jema, atajichosha yeye pamoja na watu wake. Musa akasikiliza. Akawaachia wengine zile kesi ndogo, naye akabaki na zile nzito na kazi ya kusimama mbele za Mungu.

Ona mitume katika Matendo 6. Kuwagawia wajane chakula ni tunda zuri. Hawakusema ni kazi chafu. Walisema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wao wakabaki na maombi na Neno. Na ukifika mstari wa saba unaona Neno likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana.

Lakini anayenishangaza zaidi ni Bwana Yesu mwenyewe. Marko 1. Jioni ameponya wagonjwa wengi Kapernaumu. Asubuhi na mapema anaenda mahali pasipo na watu kuomba. Petro anamfuata: watu wote wanakutafuta! Fikiria wewe ungekuwa Petro. Mlango umejaa, jina limevuma. Naye Yesu anasema twendeni mahali pengine, nikahubiri huko pia, maana hiyo ndiyo sababu iliyomtoa. Kuna wagonjwa walikuwa mlangoni asubuhi ile, naye akaondoka. Ikiwa Mwana wa Mungu alijua kuacha jambo jema ili atimize lile alilotumwa, wewe na mimi ni nani tubebe yote?

Mwambie jirani yako: hukuumbwa kubeba kila kichala.

Mti ambao haulali

Kuna jambo lingine. Ndugu zetu wa Dodoma, kule Tanzania, wanajulikana kwa kilimo cha zabibu, nao huvuna mara mbili kwa mwaka. Huko Ulaya haiwezekani, kwa sababu baridi inakuja, majani yanadondoka na mzabibu unalazimika kulala. Sisi wa huku karibu na ikweta hatuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu wetu ungeendelea tu kuchipua. Pumziko lake linatoka mkononi mwa mkulima, anapopogoa na kuupangia majira.

Wapendwa, maisha yetu siku hizi ni mzabibu wa huku kwetu. Hakuna baridi inayokulazimisha kulala. Simu haizimwi. Una chama Jumamosi asubuhi, kikao cha harusi mchana, kesha usiku, na Jumatatu saa kumi na moja uko kwenye matatu kwenda Nairobi. Mtoto wako unamwona akiwa amelala. Nani atakuwekea majira usipompa Mkulima ruhusa?

Ufaransa, kwa zabibu za maeneo yenye sifa, kuna sheria inayoweka kikomo cha mavuno kwa kila hekta. Kule Japani, wakulima wa zabibu za kula hutumia mkasi mdogo wakitoa punje moja moja ndani ya kichala ili zilizobaki zinenepe. Watu wa dunia wamejua kwamba wingi unaweza kuua utamu. Je, kanisa lisijue?

Na miti michanga je? Mzabibu mchanga ukitoa kichala katika mwaka wa kwanza, mkulima mwenye hekima hukitoa. Anataka mizizi kwanza. Mambo ya Walawi 19 iliwaambia Israeli wakipanda mti wa matunda wasile miaka mitatu, wa nne ni mtakatifu kwa Bwana, wa tano ndipo wale. Lakini sisi mtu ameokoka Machi, Mei tumemfanya kiongozi wa vijana, Agosti tumempa maikrofoni, Desemba ameanguka na tunashangaa. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu aliyeokoka karibuni. Vijana kadhaa wa kanisa hili tuliwavunja hivyo. Ninawaomba msamaha.

Si ruhusa ya kulala

Sasa namwona ndugu mmoja pale nyuma anatabasamu. Anasema moyoni, asante Pastor, leo najiuzulu ushemasi, zoezi la kwaya, fungu la kumi, yote!

Ngoja kwanza. Mzee alinionya pia kwamba ukikata vichala vyote kwa mti wenye nguvu, nguvu hizo zinakimbilia majani. Unapata kichaka kizuri chenye kivuli na hakuna cha kula. Mtini katika Luka 13 haukusifiwa kwa kupumzika. Ulipewa mwaka mmoja zaidi, na samadi, ili uzae. Hatupunguzi kwa sababu tumechoka na Mungu. Tunapunguza ili kilichobaki kiive mpaka mtu mwenye njaa aweze kukila.

Kwa hiyo, kanisa, tumeacha nini? Tumeacha vichala vilivyo karibu na shina. Kuwatembelea wagonjwa na wajane, shule ya Jumapili ya watoto, vikundi vya nyumbani, na kesha moja la mwezi. Mimi mwenyewe nimeondoka katika kamati ya ujenzi, kipindi cha redio, na hazina ya ushirika wa wachungaji. Jumatano mchana, saa ile tuliyokuwa na ibada hapa, sasa mimi na wazee wawili tunatembelea nyumba. Ukisikia hodi, tuletee kiti.

Mwaitu wa kwaya, sitakudanganya kwamba hakuna hasara. Vichala alivyovikata mke wangu havikurudi juu ya mti. Hatukuwahi kujua vingekuwa na ladha gani. Wimbo wenu nami naukosa. Kama tumekata pasipostahili, Mungu atanihukumu mimi, si wewe. Lakini niliona miti miwili kwa macho yangu, na nilisimama kwenye kaburi moja. Siwezi kuliongoza kanisa hili kana kwamba sikuona.

Leo ukifika nyumbani chukua karatasi. Andika kila unachobeba: kazi, chama, kamati, huduma, biashara ndogo, mambo ya ukoo. Usiandike mabaya, mabaya tayari unajua la kuyafanya. Andika mema. Halafu uombe, umwulize Mkulima ni lipi liko karibu na shina. Fanya hivyo wakati punje zingali kama mbaazi. Usingoje simu ya alfajiri.

Tuombe. Baba, wewe ndiwe mkulima, sisi ni matawi. Tusamehe kwa kujivunia wingi wa uchachu. Tupe ujasiri wa kuliachia jema ulilotuomba tuliachie, na uaminifu wa kuliivisha lile ulilotuachia. Faraja kwa wale waliotungoja na hatukufika. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Taja jambo moja jema unalolibeba ambalo linakosesha jingine nguvu. Ni lipi?
2. Yethro alikuwa mgeni, lakini Musa alimsikiliza. Ni nani karibu nawe ameona mzigo wako nawe umemcheka?
3. Kuna mtu yeyote anayekuwekea kiti wiki hii? Mwende pamoja kabla ya Jumapili.